Mwalimu wa Doldol

Gathoni alifariki mwezi wa Julai, wakati ambao Nyeri hukaa wiki nzima bila kuona jua. Kikohozi kilimwanza tukiwa kazini. Alisema ni baridi tu, akajifunga leso shingoni, akaendelea kuandika. Nilipomfikisha hospitalini waliniambia ni nimonia na kwamba tumechelewa kidogo. Siku ya mwisho aliniuliza kama nimefunga dirisha la duka, maana mvua ikipiga upande ule inalowesha karatasi. Nikamwambia nimelifunga. Hayo ndiyo tuliyoongea.

Mimi naitwa Naliaka. Nilikuja Nyeri kutoka Bungoma baada ya kidato cha nne, kumlelea kaka yangu, ambaye ni polisi, mtoto wake. Kaka alipohamishwa, mimi nikabaki. Nilipanga chumba Majengo, karibu na msikiti, nikaweka kompyuta, printa na mashine ya fotokopi, nikawa natoa nakala za vitambulisho na kupiga picha za pasipoti. Gathoni aliingia siku moja kutoa nakala za vyeti vyake. Alikuwa na vyeti vingi. Wakati mashine ikivitoa kimoja kimoja nilisoma cha juu, nikaona ni digrii ya Kiingereza.

Nikamwambia, "Kumbe wewe ni mwalimu."

Akacheka, akasema, "Hata wewe?"

Baadaye nilielewa kwa nini alicheka. Kwao ni Mukurweini. Matokeo yake ya kidato cha nne yalipotoka alikuwa amepata A ya Kiingereza, ambayo shule yao haikuwa imewahi kuipata. Mwalimu mkuu, mchungaji na baba yake wakakubaliana kwamba akasomee Kiingereza chuo kikuu, na hakuna aliyeuliza zaidi ya hapo. Kwa watu wa kule, na hata kwetu Bungoma, anayesomea Kiingereza anarudi kuwa mwalimu wa Kiingereza. Kazi nyingine ya hicho Kiingereza hawajawahi kuiona kwa macho. Wakamfanyia harambee kwenye uwanja wa kanisa. Baba yake, Mzee Ngatia, alisimama mbele ya watu akasema kijiji leo kinajitafutia mwalimu wake.

Digrii aliyoingia ilikuwa ya lugha yenyewe, haikuwa ya ualimu. Yeye mwenyewe hakujua tofauti hiyo mpaka akiwa mwaka wa tatu, wenzake wa ualimu walipoanza kwenda kufundisha kwa majaribio na yeye akabaki bwenini. Ili asajiliwe kuwa mwalimu angehitaji somo la pili na diploma juu ya digrii, na wakati huo mama yake alikuwa ameshaanza kuugua. Alijaribu kumweleza baba yake. Mzee alimsikiliza vizuri, kisha akamwuliza kwani Kizungu ziko ngapi.

Lakini sitaki mtu afikiri kwamba alijuta kusoma. Alikipenda Kiingereza jinsi mtu mwingine anavyopenda kuimba. Tukiwa hatuna mteja alikuwa ananisomea kitu kwenye simu, halafu ananieleza kwa Kiswahili kwa nini aliyeandika ameweka neno hili mbele na lile nyuma. Nilikuwa namwambia hayo hayapikiki. Anasema ndiyo, lakini sikiliza tena.

Kazi aliitafuta. Alienda redio moja hapa mjini, wakampenda sauti, lakini walitaka mtu wa kutangaza kwa Kikuyu, na wa Kiingereza walikuwa naye. Alienda Nanyuki kuandikia hoteli maneno ya kuvutia wageni, wakamtumia msimu mmoja. Alienda Doldol, kwa mradi wa maji na mifugo, kuandika ripoti za wafadhili. Alikaa huko miezi kadhaa na alirudi ameungua uso kwa jua, ana hadithi za ngamia, na mradi umekwisha. Halafu akaanza kuandika insha za wanafunzi wa ng'ambo kwa mtandao. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya kwenye kompyuta yangu, alfajiri mpaka jioni, na ilikuwa inalipa. Kisha zikaja zile programu zinazojiandikia zenyewe, na wale wanafunzi wakapotea mmoja baada ya mwingine, bila hata kuaga.

Wakati huo alikuwa hana pa kuketi ila dukani kwangu. Siku moja akaingia mama mmoja na kijana wake, wametoka mochari, wanataka kuchapiwa programu ya mazishi. Kwetu mtu hazikwi bila kile kijitabu chenye picha yake mbele na historia yake ndani. Historia husomwa kwa kipaza sauti kabla ya mahubiri, na watu wengi huitaka kwa Kiingereza, hata kama nusu ya waliokaa chini ya hema hawakielewi, kwa sababu ni heshima. Kijana alikuwa ameandika yake kwenye karatasi: alizaliwa, alisoma, alioa, aliugua, alifariki. Gathoni akaomba aione. Akamwuliza yule mama, mumewe marehemu alikuwa anakunywa chai yake namna gani.

Mama akamwangalia kama aliyetukanwa. Kisha akasema alikuwa anainywa ikiwa baridi, kwa sababu lazima kwanza awape ng'ombe maji, na kila siku analalamika chai ni baridi. Akaanza kucheka, akalia, akacheka tena. Gathoni aliandika yote hayo. Nasikia siku ya mazishi watu walicheka palepale mbele ya jeneza, na baadaye wakawa wanauliza ni nani ameandika.

Ikawa ndiyo kazi yetu. Yeye anauliza na kuandika, mimi napanga picha na kuchapa. Watu walikuja kutoka Karatina, Othaya, hata Kerugoya. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na hakuibadilisha kwa mtu yeyote. Kwanza maswali, na maswali hayaanzi na tarehe. Akishaandika kwa Kiingereza, anawasomea wenye msiba mstari kwa mstari kwa Kiswahili au Kikuyu kabla sijachapa. Alisema mtu asije akasikia jambo la mtu wake kwa mara ya kwanza mbele ya jeneza. Na la mwisho, maneno ni ya wenye msiba. Wakisema mume alikuwa mpole, na sisi tunajua kwa masikio yetu jinsi alivyokuwa akimpiga mkewe, ataandikwa mpole. Niliwahi kumwuliza kama haoni vibaya. Aliniambia yeye hakumjua huyo mtu, na kaburi si lake.

Nyumbani Gathoni hakusema anafanya kazi hii. Mzee Ngatia aliposikia neno Doldol, wakati ule wa mradi, aliwaambia majirani binti yake yuko Doldol. Wakamwuliza kama anafundisha huko, na Mzee hakukataa. Doldol ni mbali, nani wa Mukurweini angeenda kuhakikisha. Basi akawa mwalimu wa Doldol, mwaka ukaisha, mwingine ukaisha. Akienda nyumbani Krismasi wanamwita Mwalimu, wanamletea watoto wasome mbele yake. Aliniambia alishindwa kulitoa hilo jina, kwa sababu kila aliyelitaja alikuwa amechanga.

Siku ya tatu baada ya kifo chake, Mzee Ngatia alikuja dukani. Sikumtarajia. Alikuwa hajawahi kufika pale. Alikuja na dada yake, shangazi wa Gathoni, aliyeitwa Tata Watiri, mama mnene mwenye maneno mengi na moyo mzuri, ambaye nilikuwa nimeonana naye hospitalini. Walikuwa wametoka mochari kupeleka nguo. Kamati ya mazishi ilikuwa imepata kijana wa kuandika historia kwa programu ya simu, Tata Watiri akasema hapana, akasema hizo za simu zote zinafanana kama soksi za shule. Kama binti yao alikuwa na rafiki mwenye printa, basi rafiki huyo achape.

Wakakaa kwenye benchi. Ni benchi la ubao lililo mbele ya meza, ambapo wenye msiba wote wamekaa. Mimi nilikaa kwenye kiti cha Gathoni kwa sababu kompyuta iko pale, na hapo ndipo mwili wangu ulipoelewa kwamba hatarudi. Nikawa sioni kioo cha kompyuta kwa machozi. Tata Watiri alinipa kitambaa chake, akaniambia nilie kwanza, kazi haikimbii.

Nilipomaliza niliuliza maswali. Sikuwa nimewahi kuyauliza bila Gathoni kuwa karibu. Nilimwuliza Mzee, Gathoni akiwa mdogo alikuwa anapenda nini.

Mzee alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Alikuwa anaongelesha ng'ombe na Kizungu," akasema. "Mimi nikamwuliza, sasa wewe, ng'ombe inasikia Kizungu? Akaniambia, Baba, hii ni ya gredi, si imetoka kwa wazungu?"

Tata Watiri alicheka mpaka benchi likatikisika. "Na ilikuwa inasikia. Ikiambiwa kamu, inakuja."

"Ilikuwa inakuja kwa sababu ya chumvi," Mzee akasema, na akatabasamu kidogo.

Nikauliza mengine. Nani alimkasirisha, aliogopa nini, alipenda kulala upande gani wa nyumba. Waliyajibu yote, mara nyingine wanabishana. Mzee alijua mambo mengi ya utotoni mwake. Kuanzia alipoingia chuo kikuu, majibu yakawa mafupi. Ilipofika sehemu ya kazi, akasema kama mtu anayesoma kilichoandikwa mahali.

"Andika alikuwa mwalimu. Doldol. Kizungu."

Nikasimamisha vidole. Nilitazama ukuta, ambapo Gathoni alikuwa amebandika vijitabu vya kwanza tulivyotengeneza, vimeanza kugeuka rangi. Mzee naye alikuwa akivitazama. Nikamwambia kwa adabu, Baba, kazi aliyofanya ni hii hapa. Ni hivi vijitabu.

"Naona," akasema.

"Nikiandika mwalimu, hii haitakuwapo."

"Msichana wangu, hawa watu walitoa pesa ya mwalimu. Nitasimama mbele yao niwaambie nini? Ati mtoto alisoma Kizungu yote akaenda kuandikia maiti?"

Tata Watiri akaita jina lake polepole, Ngatia, Ngatia.

Ningeweza kumdanganya. Mzee Ngatia hasomi Kiingereza. Ningeandika ukweli kwa Kiingereza, nikamwambia nimeandika mwalimu, na asingejua mpaka siku ya kusomwa, na siku hiyo asingeweza tena kubadilisha kitu. Nililifikiria jambo hilo, sitasema sikulifikiria. Lakini lingekuwa ni kuvunja kila kitu alichonifundisha Gathoni, kwa jina la Gathoni, na kumwaibisha baba yake mbele ya jeneza lake. Nikakumbuka aliyosema, kwamba maneno ni ya wenye msiba na kaburi si letu. Nilijiuliza kama mimi ni mwenye msiba. Hakuna aliyewahi kusema kwamba mimi ni mwenye msiba.

Nikaandika mwalimu.

Kiingereza changu si cha kuandika mbele ya watu. Kwa hiyo nilifanya lile ambalo Gathoni hakulipenda. Nilifungua historia za zamani kwenye kompyuta, nikatafuta ya mwalimu wa kweli, mama mmoja wa Karatina aliyefariki mwaka juzi, nikachukua sentensi za Gathoni kuhusu mama huyo nikazihamishia kwenye historia ya Gathoni. Kwamba alipendwa na wanafunzi wake. Kwamba hakuwahi kuchelewa darasani. Yale ya ng'ombe niliyaandika mwenyewe, kwa maneno mafupi, na sijui kama yalikuwa sahihi. Kisha nikawasomea kwa Kiswahili mstari kwa mstari, kama ilivyokuwa desturi yetu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akasema ni sawa.

Alipokuwa anainuka akaniuliza haya maswali nilijifunza wapi. Nikamwambia ni ya Gathoni, alikuwa anawauliza watu wote. Akavaa kofia, akaivua tena.

"Hata hilo la kulala upande gani?"

"Hata hilo, Baba."

Wakaondoka. Nikachapa.

Alizikwa Alhamisi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mashamba ya kahawa, na uwanja wa boma la Mzee Ngatia ulikuwa matope, wametandaza maganda ya kahawa watu wasiteleze. Hema lilijaa. Mimi nilikaa nyuma na wasichana wa Majengo, watu watano hivi, tuliokuja na gari la kukodi. Jeneza lilikuwa mbele juu ya viti viwili, na kando yake msalaba wa mbao uliopakwa rangi nyeupe, umeandikwa Mwalimu Gathoni.

Mshereheshaji alikuwa Kingori, binamu yake, fundi wa kuongea katika kila arusi na kila mazishi ya kule. Binamu mwingine alisoma historia kwa Kiingereza. Ilipofika ng'ombe, watu waliokielewa walicheka, na wasiokielewa wakaelezwa wakacheka baadaye, vicheko viwili. Ilipofika Doldol hakuna aliyecheka. Waliitikia kwa vichwa. Mzee mmoja karibu yangu alisema kwa Kikuyu, ambacho nakielewa ingawa sikiongei vizuri, kwamba angalau pesa yao haikupotea.

Sasa kuna jambo ambalo mimi na Mzee Ngatia hatukulifikiri tukiwa dukani, na lilikuwa mbele ya macho yetu. Nimechapa programu zisizohesabika, na katika kila moja, baada ya historia, kuna sehemu ya watu kumuaga marehemu. Majirani, kanisa, waliosoma naye, halafu wenzake wa kazini. Wenzake wa kazini lazima wasimame. Hata mlinzi wa lango akifa, walinzi wenzake huja na sare zao, wanajipanga mbele, mmoja anasema maneno machache. Mtu asiyesimamiwa na wenzake watu humwangalia vingine, kama aliyefukuzwa, au aliyekuwa mbaya. Ilikuwa imeandikwa pale kwa mkono wangu.

Majirani wakasema. Kanisa likaimba. Msichana aliyesoma naye sekondari akasema, akashindwa kumaliza. Kisha Kingori akafungua kijitabu.

"Sasa tunaita walimu wenzake, kutoka Doldol."

Watu wakageuza shingo. Hakuna aliyeinuka.

"Walimu wametoka mbali, pengine wanaogopa matope yetu," akasema Kingori, na wachache wakacheka. "Njooni tu, walimu, hata sisi viatu vyetu vimeharibika."

Mvua nyembamba ilikuwa inagonga hema. Kingori alitazama nyuma, akatazama barabarani. Mama mmoja akauliza kwa sauti ya chini, hata mmoja? Hata mwalimu mkuu? Mwanamume mmoja akasema labda barabara, lakini mwingine akamjibu kwamba barabara ya kupitia Nanyuki ni lami. Nilisikia maneno yale yakipita safu kwa safu kuelekea nyuma. Pengine aliwakosea, walisema. Pengine kuna jambo. Waliomfahamu tangu utoto, waliokuwa wanalia muda mfupi kabla, walianza kuliangalia jeneza kwa namna nyingine.

Miguu yangu ilitaka kuinuka. Sikujua nikisimama nitakuwa nani. Nikisema mimi ni wa Doldol, ni uongo juu ya uongo. Nikisema ukweli, baba yake atabaki ameketi pale, mbele ya kila aliyechanga, na mimi nitapanda gari nirudi Majengo. Nikabaki nimeshika kiti cha mbele yangu.

"Basi kama hawajafika," Kingori akasema, "tutaendelea na—"

"Usiendelee."

Mzee Ngatia alikuwa amesimama. Hakuwa na kipaza sauti, na alisema kwa Kikuyu, polepole. Hakuwatazama watu, alimtazama Kingori peke yake kana kwamba wako wawili nyumbani.

"Usiwangoje hao. Hawako. Hawajawahi kuwako. Mtoto wangu hakufundisha Doldol, mimi ndiye niliyesema. Alikuwa hapa Nyeri, Majengo, anawaandikia watu historia za wafu wao. Wenzake wa kazi si wengi. Ni mmoja, yule msichana wa kwao Bungoma, ameketi nyuma. Mwite. Sitaki mtoto wangu azikwe kama ambaye hakufanya kazi na mtu."

Akakaa. Tata Watiri, aliyekuwa kando yake, akamwekea mkono mgongoni na kuuacha hapo.

Sikumbuki nilivyofika mbele. Nakumbuka Kingori akinipa kipaza sauti. Nilikuwa nimesikia hotuba nyingi za namna hiyo, nimezichapa hata, na zote zilinitoka. Nikasema jina langu. Nikasema, kwa Kiswahili, kwamba nilifanya kazi na Gathoni na alikuwa anafika kabla yangu. Nikasema kila aliyekuja dukani akilia, yeye hakumharakisha. Kisha nikasema jambo ambalo sikuwa nimepanga. Nikasema watu wa hapa Mukurweini walipokuja, yeye alikuwa anatoka kwa mlango wa nyuma asionekane, mimi nauliza maswali kwa niaba yake, halafu wakiondoka anarudi kuandika. Wengine waliozikwa hapa, nikasema, yeye ndiye aliyewaandika.

Kulikuwa na mama katika safu ya tatu, Njoki mjane wa Gikonyo. Nilimkumbuka. Alisimama nusu.

"Na historia ya baba watoto wangu?"

"Ndiyo, mama. Ni yeye."

"Ile ya baiskeli?"

"Ile ya baiskeli."

Akakaa, akajifunika uso kwa leso. Walio kando yake wakainama kumwuliza, baiskeli gani, na akawa anawaambia. Nikasema kwaheri Gathoni, kwa sababu ndivyo watu wanavyosema, nikarudisha kipaza sauti. Mchungaji akaanza mahubiri. Hakutaja Doldol, na hakutaja Majengo pia.

Sitasema kwamba kijiji kilifurahi. Watu wengine hawakumsalimu Mzee siku ile. Nilimsikia yule aliyekuwa karibu yangu akisema kwamba wamedanganywa miaka yote hii, na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Na vijitabu vilikuwa vimeshagawanywa. Watu huvitunza, huviweka kabatini pamoja na Biblia, na humo ndani Gathoni atabaki mwalimu aliyependwa na wanafunzi wa Doldol, kwa sentensi alizomwandikia mama mwingine. Aliyoyasema baba yake hayakuchapwa popote.

Udongo ulipokwisha kurudishwa na maua kupandwa, watu wakaenda kula. Mzee Ngatia alibaki pale, nami nikabaki, kwa sababu sikuweza kula. Nilimwambia nikifika mjini naweza kuchapa upya, ukurasa ule mmoja, nimletee nakala za nyumbani. Akafikiri, akasema niache, wamesikia. Kuhusu msalaba alisema ataupaka rangi nyingine baadaye, ukiisha huu ukungu.

Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili, akichagua maneno.

"Hiyo kazi, iko na jina gani?"

Sikumwelewa mara moja.

"Kazi yenu. Kesho nikienda kiwanda ya kahawa wataniuliza. Mwalimu nilijua kusema. Daktari ningejua. Hii nitasema alikuwa nani?"

Nilikuwa nimefanya kazi naye miaka yote ile na hatukuwahi kuipa jina. Mlangoni tuliandika fotokopi, picha, programu. Nilitafuta, nikaona kwamba liko neno moja tu ambalo naweza kumpa.

"Sema alikuwa mwandishi, Baba."

"Mwandishi."

Alilisema tena, polepole, mara mbili, kama anayejaribu kiatu. Akatazama udongo.

"Hiyo wangeelewa," akasema. "Mbona hakuniambia inaitwa hivyo?"

Nikamwambia sidhani kama yeye mwenyewe alijua. Akaitikia kwa kichwa. Tata Watiri alikuwa anatuita kutoka hemani, chakula kinapoa, na Mzee akamwonyesha kwa mkono kwamba anakuja, lakini hakuondoka pale, na mimi sikumwacha.